Kunde za Vidole Vitano

Eucabeth Angwenyi si mtu wa kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda. Mimi ni jirani yake na sitajifanya sina upande.

Aliolewa hapa Ndhiwa kutoka Kisii, na hulima kunde za mbegu pamoja na kikundi chetu. Jani la kunde lina vidole vitatu, kila mla mboga analijua hilo. Mwaka jana shambani kwake ikaota mimea michache yenye vidole vitano. Akaing'oa yote, kama sheria ya kikundi inavyotaka, akavuna mbegu za ile iliyobaki. Alipozipanda, vidole vitano vikarudi.

Gordon, mwenyekiti wetu, akamjia na mdomo wake.

"Mama Emmah, hii mbegu umechanganya na ya soko ya Isebania. Kubali, ama utoke kwa kikundi."

"Sijachanganya kitu."

Mtu akifukuzwa kwa kosa hilo, hakuna atakayegusa mbegu yake tena. Mimi nilimshauri akubali tu yaishe, na hadi leo naona aibu.

Yeye akamwambia Gordon, "Chagua wewe mwenyewe mimea tatu safi, za vidole tatu. Zifunge kamba. Tukivuna, mbegu ya kila moja iwe na mkebe wake, na ukae nayo kwako."

Gordon alichagua huku akicheka. Mvua iliporudi akapanda kwa mkono wake, mistari mitatu, kila mkebe mstari wake, kikundi kizima kikitazama.

Wiki ya nne tukakusanyika. Mstari wa kwanza wote ulikuwa na vidole vitatu, Gordon akaanza kutabasamu. Katika wa pili na wa tatu, karibu robo ya mimea ilikuwa na vidole vitano. Tabasamu likaisha.

"Hii kitu inarithiwa," Eucabeth akasema. "Inajificha ndani ya ile mzuri, halafu inatokea kwa watoto. Tunang'oa hizi, tunaweka mbegu ya ndugu zao, na ndugu ndio wameibeba."

Gordon akainama ang'oe mmea mmoja wa vidole vitano. Eucabeth akamshika mkono.

"Wacha. Hiyo haidanganyi mtu. Yenye uliita safi ndiyo hujui imebeba nini. Sasa andika kwa kitabu ya kikundi kwamba Eucabeth hakuchanganya mbegu, na usome kwa sauti."

Akaandika, akasoma.

"Soma tena," Eucabeth akasema, na alikuwa akinitazama mimi.