Beki wa Kiwiko

Gundi ya jezi ikipashwa moto hunuka kama uji ulioungua. Harufu hiyo ilinipokea ngazini katika jengo moja la maduka, barabara ya Huanshi Zhonglu huku Uchina, ikanirudisha kwetu Kigoma. Nilikwenda kuchapishiwa jezi ya kaka yangu Hamisi. Muuzaji, dada wa Kichina aliyejifunzia Kiswahili kwa wateja, aliuliza jina la mgongoni. Nikamtajia beki Mfaransa aliyestaafu zamani.

"Meiyou, rafiki! Hakuna." Akacheka. "Beki ya nini? Watu anataka mfunga goli."

Kweli. Hata mimi utotoni nilimtaka mfunga goli.

Hamisi alikuwa na daftari. Mama mmoja Mkongo alivusha vitenge ziwani vikiwa vimefungwa kwa kurasa za magazeti ya Kifaransa, na humo kaka alikata picha za beki wake. Shida ni kwamba wapigapicha humfuata mfungaji. Basi maisha ya yule bwana uwanjani tuliyajua kwa vipande: mguu wa soksi nyekundu, klabu ya kwanza, mguu wa soksi nyeupe, amehama, halafu kimya kirefu, kumbe alivunjika, halafu kiwiko, na juu yake kitambaa cha unahodha.

"Kichwa anacho kweli huyu?" nilimtania.

"Anacho, dogo. Tena anakitumia."

Siku moja niliona ukurasa mpya: mshambuliaji amebebwa juu na wenzake. Nikauiba, nikaubandika ukutani kwa uji wa muhogo. Sikugeuza. Upande wa pili, ukurasa mzima, beki wetu alikuwa akiaga mpira: uso wote, na machozi. Kaka alikuwa akimtunzia nafasi mwishoni mwa daftari. Aliulowesha ukuta, akabandua kwa kucha. Zikatoka nyuzinyuzi nyeupe za karatasi tu.

"Basi, dogo," alisema. "Amezoea kukaa nyuma."

Baba alipofariki, Hamisi aliacha shule ili nisome mimi. Niliipokea nafasi hiyo kama pasi niliyostahili. Nawaambia ninyi kwa sababu yeye sijamwambia: katika picha yangu ya mahafali nimevaa joho, meno yote nje, na pembeni kuna kiwiko chake. Nilimkata mwenyewe, picha ienee kwenye fremu.

"Andika Hamisi," nikamwambia yule dada. "Namba nne, ya beki."

"Saizi gani?"

Nikasimama pale na shahada zangu tatu, nikijaribu kumpima kaka yangu kwa kiwiko.