Mbavu za Ndege kwenye Ngazi ya Mama Kaswera

Zamani hapa mtaani Birere fundi aligonga chuma kwa ukucha na watu wakangoja atamke. Leo mteja anakuja na picha kwenye simu, anamfundisha fundi kazi. Kati ya nyakati hizo mbili alipita Habarurema.

Alikimbia vita vya Rutshuru mwaka 2008, akalala katika kambi ya Kibati chini ya plastiki na mkewe Nyiramahirwe, kisha akaja kuomba kazi kwenye atelye, karakana yangu. Nilimpa msasa. Mimi nilikuwa nimejifunza peke yangu, kwa kitabu cha mapadri, namna ya kuning'iniza alumini katika asidi ya batiri na kupitisha umeme mpaka iote ngozi ngumu inayonywa rangi. Sikumjua mwingine mjini aliyeiweza kazi hiyo.

Ndipo Mama Kaswera akataka reli za ngazi ya hoteli yake, rangi ya dhahabu. Zikimpendeza, kazi ya madirisha yote ya ghorofa ingekuwa yangu. Nilinunua mbavu za ndege iliyoharibika, alumini ngumu kuliko zote. Habarurema akachukua kipande, akakidondoshea soda kali ya kutengenezea sabuni. Kikawa cheusi kama kitako cha sufuria. Akadondoshea fremu ya dirisha kuukuu, ikabaki nyeupe.

"Papa Kambale," akasema polepole, "hii ya ndege iko na shaba ndani. Iko nguvu ya kuruka, haiko ya kuvaa rangi. Tutafute ya madirisha, na yote iwe ya aina moja."

"Kule kambini munapimaka ndege?" nikamuuliza. Wenzake wakacheka. Nyiramahirwe, aliyekuwa amemletea maharage, hakucheka. Nikasema soda yake imeoza.

Reli za mbavu zile zilitoka kwenye asidi na rangi ya meno ya mvuta tumbaku, tena mabakamabaka. Mama Kaswera akazitazama, akanipita, akamwendea Habarurema.

"Papa, wewe ungefanya namna gani?"

Miaka yote, Papa nilikuwa mimi. Habarurema alinitazama kwanza, kama anaomba ruhusa. Afadhali angenitukana.

Alikusanya fremu za madirisha yaliyovunjwa na vita, akazipima moja moja, akatupa hata nzuri zisizofanana na nyingine. Ngazi ile iling'aa sawasawa kutoka chini hadi juu. Akapewa madirisha, akafungua atelye yake, kisha akatuma mtu aniambie tufanye kazi pamoja. Nilijibu kwamba mwalimu haketi kwenye benchi la mwanafunzi, ingawa sikuwa nimemfundisha lolote ila kushika msasa.

Mara ya mwisho niliwaona, yeye na mkewe, sokoni Kibumba, mwishoni mwa 2013, vita vilipotulia na wao wakirudi Rutshuru. Nilikuwa nimekwenda kununua kabichi. Walikaa juu ya lori, vyombo vyao vimefungwa kamba, mke amemwegemea, wanacheka jambo lao. Aliniona.

"Papa Kambale, panda twende. Kazi iko."

Nikainama kama mtu anayechagua kabichi, mpaka lori likapita.