Medali za Mgombea

Mwanajeshi mstaafu anayegombea ubunge, anayetaka fedha za vita zijenge hospitali, huleta koti lile lile la medali kwa fundi cherehani, mama ambaye mwanawe alifia vitani chini ya amri ya mgombea huyo. Wafuasi wakisema medali zinanuka damu, huja zifumuliwe. Wapinzani wakimwita msaliti, huja zirudishwe. Husubiri ameegemea ukuta, macho mlangoni, akikunjakunja kofia.

"Afande, amua basi," mama humtania. "Koti limeshakuwa chekecheke kwa matundu ya sindano."

Jana Afande alimshika mkono. "Medali hii usiishone, mama. Nilipewa kwa vita alimofia mwanao."

Mama akamtaja Mungu kimoyomoyo, kisha akaishona ndani ya koti, upande wa moyo, isikoonekana. Leo mtaa mzima umeona medali moja haipo, unabishana: Afande kamuuzia nani?