Ishara Moja ya Kimya

Ukitaka kumjua Mama Sare, usihangaike na uso wake, mtazame mikono. Siku za kazi mikono ile iko kwenye cherehani tangu asubuhi, inageuza kola, inapiga pindo, inabandika vifungo vya mashati ya shule. Ndipo lilipotoka jina la Mama Sare, jina ambalo siku hizi hata mumewe analitumia. Jumapili mikono hiyo hiyo husimama mbele ya kanisa, pembeni ya mimbari, na kusema yote anayoyasema mchungaji, bila sauti hata kidogo. Kwenye benchi la dirishani, penye mwanga mzuri, hukaa viziwi wa mtaa ule na wa mitaa ya jirani, macho yote kwake. Akikosea wanamkunjia uso. Akipatia wanaitikia kwa vichwa kama watu wanaoonja chakula kilichokolea chumvi.

Kazi hiyo hakuisomea. Alifundishwa na mdogo wake.

Mdogo wake huyo alizaliwa anasikia vizuri tu. Kisha homa kali ikampata kabla hajajua kutamka "mama" sawasawa, na ilipomwachia ilikuwa imeondoka na masikio yake. Majirani walikuja kutoa pole, sauti za chini, kanga mabegani. Mama yao akawapa viti, akawatazama mmoja mmoja, akauliza, "Kwani nani amekufa?" Wakaondoka mapema.

Mtoto akapelekwa shule ya bweni ya viziwi. Kila likizo alirudi na mikono imejaa maneno mapya, na dada yake, aliyekuwa msichana wa shule wakati huo, aliyadaka yote. Haikuchukua muda wakawa wanagombana kwa mikono mezani, mama anawatenganisha bila kujua ugomvi wenyewe ni wa nini. Mdogo mtu akakua, akawa fundi wa makochi. Mtaani wakamwita Kimya. Waliompa jina hilo bila shaka hawakuwahi kupita karibu na karakana akiwa anagongelea misumari, wala hawakuwahi kumsikia akicheka. Akicheka Kimya, wapita njia hugeuka.

Popote alipokwenda, dada alikuwa mdomo wake. Benki, hospitali, hata siku ya kuposa. "Huyu ndiye mdomo wa Kimya," watu walisema, naye Mama Sare alilipenda neno hilo kuliko alivyokubali kukiri. Kila mtu ana kinachomvimbisha kichwa, na yeye chake kilikuwa hicho.

Kitu kimoja kilikuwa kimebaki nyuma. Kimya hakuwa amebatizwa. Alipokuwa mtoto, mchungaji wa wakati ule alisema asubiriwe mpaka aweze kujibu mwenyewe. Basi akasubiriwa. Akaota ndevu, akaoa, akapata watoto, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza. Mwisho alijiuliza mwenyewe. Jumapili moja baada ya ibada alimshika dada yake bega, akamwambia kwa mikono, "Mwambie mchungaji nataka maji."

Mchungaji wa sasa, mtu mwembamba mwenye kucheka haraka, alifurahi mpaka akamkumbatia Kimya. Akaanza kumfundisha ofisini kwake, Mama Sare katikati, na mzee mmoja wa kanisa akiwa shahidi. Mambo yakaenda vizuri mpaka siku mchungaji alipouliza swali ambalo yeye mwenyewe aliliona jepesi kuliko yote.

"Muulize, Yesu ni nani?"

Kimya hakusita. Aligusa katikati ya viganja vyake, kimoja baada ya kingine, palipopita misumari; ndivyo viziwi wanavyomwita Yesu. Akaeleza kwa kirefu, uso umechangamka. Mama Sare alianza kutafsiri, akakwama katikati.

"Anasema nini?" aliuliza mzee wa kanisa.

"Anasema Yesu ni kama mtoto wa bosi."

Mzee wa kanisa akamgeukia mchungaji.

"Anasema," aliendelea Mama Sare, "pale karakana kuna bosi na kuna mtoto wa bosi. Mtoto anaamrisha, na lazima umheshimu, maana ametumwa na baba yake. Lakini karakana si yake. Aliikuta. Basi Yesu anamheshimu sana, anampenda, ila Mungu ni yule mwenye karakana."

Mchungaji hakukasirika. Alikuna kidevu, akauliza, "Amelitoa wapi hilo?"

Mama Sare alijua limetoka wapi, na kujua huko kulimkata maini. Lilitoka mikononi mwake. Miaka yote hiyo, kila mchungaji aliposema "Mwana wa Mungu", yeye alionyesha ishara ya mtoto: kiganja kimeshushwa karibu na paja, kupima kimo cha mtu mfupi. Watu wa benchi la dirishani walikuwa wanaona, Jumapili baada ya Jumapili, Mungu juu kabisa na mtu mfupi kando yake.

Mzee wa kanisa, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitaka tu siku ya ubatizo isiharibike. "Tusijichoshe," alisema. "Siku yenyewe aitikie tu kwa kichwa, wewe utamjibia. Si wewe ndiye mdomo wake?"

Mama Sare alifungua mdomo akubali. Lakini Kimya alikuwa ameshausoma uso wa mzee. "Anasema nini huyu?"

Dada hakuwahi kumficha neno, hata matusi. Akamwambia.

Kimya akasimama, akakung'uta vumbi la mbao kwenye suruali. "Mwambie siitikii kwa kichwa kitu nisichokielewa. Maji yasubiri." Akatoka. Na pamoja na aibu yote, Mama Sare alijikuta anamtazama mgongo akiwaza: huyo ndiye ndugu yangu.

Zikafuata wiki za mabishano. Jioni, kabla ya chakula, Kimya alikuja kwa dada yake, na cherehani ikasimama. Kwanza Mama Sare alijaribu kulaza vidole viwili sambamba: Yesu na Mungu, sawasawa. Kimya akavihesabu vile vidole. "Sasa umeniletea miungu miwili. Afadhali wa mwanzo." Siku nyingine akamwambia ni kama taa na mwanga wake. Kimya akaelekeza kidole kwenye balbu juu yao, iliyokuwa imezimika tangu mchana kwa sababu umeme ulikatika, akaangua kicheko mpaka mtoto wa jirani akaja kuchungulia dirishani.

Mama yao, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akauliza wanacheka nini. Alipoelezwa aliweka ungo chini. Ishara alizijua chache, za jikoni na za kugombeza, lakini siku hiyo alimgeukia mwanawe na kuzitumia zote.

"Ulipougua, watu walisema nimebaki na nusu mtu. Nikawaambia mimi ni mtu, na nilichozaa ni mtu, mzima kabisa, hakuna kilichopungua. Sasa wewe niambie: Mungu naye, Mwana wake atakuwa nini? Atakuwa Mungu pungufu?"

Mama Sare alisahau kutafsiri yale ambayo mikono ya mama haikuyaweza. Ikabidi Kimya ampige kikumbo. Alipoelewa yote alikaa akimtazama mama yake. Hoja ilikuwa imemwingia. Lakini fundi ni fundi, akapima tena. "Mimi nina siku niliyoanza. Wewe ulikuwepo kabla yangu. Na Yesu je?"

"Hapo ndipo nilipoishia," mama alisema, akachukua ungo wake. "Mimi ni mama, si mchungaji."

Mchungaji mwenyewe akaja karakana siku moja mchana, akaketi kwenye kochi ambalo bado halijavalishwa kitambaa, sponji tupu. Akamwomba Mama Sare amfikishie Kimya ujumbe: kwamba yeye hakumwona mpumbavu, kwamba watu wenye masikio mazima, wasomi wakubwa, walishikana mashati kwa jambo hili hili zamani, na wengine mpaka leo hawajakubali. "Mwambie mimi naamini Yesu ni Mungu, tangu kabla ya mwanzo wowote, na naamini kwa moyo wote. Lakini sitaki alishike kwa mkono wangu. Alishike kwa mkono wake."

Kimya alipenda maneno hayo. Akaomba asimuliwe tena habari za Yesu baada ya kufufuka. Mama Sare akazisimulia hapo hapo, kati ya mbao na magunia ya sponji, na alipofika kwa yule mwanafunzi aliyegoma kuamini mpaka aone alama za misumari, akaanza kupita haraka kama alivyozoea, maana hadithi hiyo kila mtu anaijua.

Kimya akamshika mikono. "Rudi nyuma. Aliziona alama?"

"Aliziona."

"Kisha akasema nini?"

"Akasema, Bwana wangu, Mungu wangu."

"Alitazama wapi? Juu?"

Mama Sare alimfikishia mchungaji swali, naye mchungaji akatikisa kichwa kukataa. "Hapana. Alimtazama yeye."

"Huyo mwenye matundu?"

"Huyo huyo."

Kimya akasogea karibu zaidi, macho makali. "Na Yesu akamkatalia?"

"Hakumkatalia. Alimpokea."

Hapo Kimya akaweka nyundo chini. Mikono yake ilipoanza kusema tena ilikwenda polepole, kama mtu anayetembea gizani akapapasa ukuta na kuukuta upo. "Mtoto wa bosi ana majivuno, unamjua. Lakini mteja mgeni akimwita mwenye karakana, hata yeye hutazama mlangoni na kusema hapana, mwenyewe yuko ndani. Mtu mkweli hapokei kiti kisicho chake. Na Yesu ni mkweli kuliko wote, hilo sijawahi kulibishia. Ameitwa Mungu usoni kwake, na hakukana, akapokea." "Basi karakana ni yake. Hakuikuta. Ndiye aliyeijenga."

Mchungaji aliposikia tafsiri yake alishindwa kucheka, yeye anayecheka kwa lolote.

Kimya hakuwa amemaliza. Alitazama viganja vyake, vyenye makovu ya misumari iliyomchoma kwa miaka mingi, akajaribu kitu. Akagusa katikati ya kiganja cha kushoto, kama kawaida: Yesu. Lakini hakuushusha mkono ule ili alete ishara nyingine ya Mungu, ile ya mkono ulionyooshwa juu. Aliupandisha huo huo. Kiganja kilichotobolewa kikapaa, wazi, kikasimama juu ya kichwa chake kikiwaelekea. Ishara moja. Hapakuwa na vidole viwili vya kuhesabu, wala mtu mfupi kando ya paja.

Mama Sare aliirudia. Kwa miaka yote alikuwa akimletea Kimya maneno ya watu. Hilo hakuletewa na mtu.

Siku ya ubatizo kanisa lilijaa. Mama yao alikaa mbele kabisa, kilemba kipya, kidevu juu. Mzee wa kanisa alisimama na taulo, na bado akamnong'oneza Mama Sare, "Utamjibia, eti?"

"Atajibu mwenyewe, mzee. Si ilisemwa zamani asubiriwe mpaka aweze?"

Mchungaji akauliza mbele ya wote, "Yesu ni nani kwako?" Mama Sare akamfikishia swali, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya kanisa. Alishusha mikono yake, akasogea kando.

Kimya aligusa kiganja chake, akakiinua. Akaongeza ishara moja tu, mkono kifuani: wangu.

Kanisa zima likawa linamtazama. Mzee wa kanisa alimgeukia Mama Sare kwa mazoea, "Amesema nini?" Kimya alimwona, akairudia kwa ajili yake, taratibu, kama unavyomwonyesha mgeni njia. Mzee akaifuata kwa macho kutoka kwenye tundu la msumari mpaka juu. Taulo likamponyoka.

Kule dirishani benchi zima lilikuwa limesimama, viganja juu. Ndipo Mama Sare akawageukia wenye masikio, na sauti yake, ambayo hujaa kanisa bila kipaza sauti, ikawafikia mpaka wa mlangoni. "Anasema: aliyetobolewa mikono ndiye Mungu wangu."

Mama yao aliinuka akapiga kigelegele kimoja kirefu, akakaa, akamwambia jirani yake bila kupunguza sauti, "Mzima kabisa. Niliwaambia."

Maji yakamwagwa. Kimya aliinua kichwa akicheka, na kicheko chake kikagonga bati.

Siku hizi Mama Sare bado anatafsiri mahubiri, na neno "Mwana" halishushi tena karibu na paja. Darasa la viziwi wanaotaka kubatizwa, hata hivyo, si lake. Ni la Kimya, Jumamosi mchana, chumba cha pili nyumbani kwa Mama Sare. Yeye hukaa na cherehani yake upande wa pili wa ukuta, asikie meza inavyopigwa makofi mtu anapotaka zamu ya kusema. Juzi mama mmoja muuza mboga alimwekea Kimya swali gumu: kama Yesu ni Mungu, alipokuwa anaomba, alikuwa anamwomba nani? Kimya akachomoza kichwa mlangoni, nywele zimesimama, akasema kwa mikono:

"Dada, hili sina jibu lake. Mpigie mchungaji, aje na chakula chake, tutachelewa."

Mama Sare alichukua simu. Alipokuwa anasubiri ipokelewe, mteja aliyekuja kuchukua sketi za wanawe aliuliza ni nani wanaogonga meza namna ile.

"Ndugu yangu anafundisha," alisema, na akasahau kabisa kumtajia mteja bei.