Siku ya Kunyamaza kwenye Shimo la Tofali

Juzi, rafiki yangu, nilipita kijiji cha Mbuba, nikakuta watoto wanachimba udongo wa tofali kando ya barabara. Nikajikuta nawafokea, "Tokeni huko chini!" Wakanicheka, mzee mzima napiga makelele.

Shuleni kwetu kulikuwa na kundi la huduma. Tuliwachotea wazee maji, tukapalilia migomba ya wagonjwa, shingoni skafu ya kijani. Ukitaka skafu nyeupe, ya waliokomaa, unafanya kazi kutwa nzima bila kutoa neno. Hata shikamoo hapana. Mara ya kwanza nilifeli kabla ya saa nne: bibi yangu alipita, nikamwamkia. Mdomo wangu ndio huo. Shule nilikuja kuiacha kidato cha pili, mdomo haukuacha kusema.

Mwaka mmoja baada ya kufeli huko, tukapelekwa kumfyatulia tofali mjane mmoja. Binti wa jirani yetu alichimba shimoni, mimi juu napokea karai. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, udongo unanukia, maharage ya mjane yanachemka. Bibi akapita tena, makusudi.

"Mjukuu wangu, leo bubu? Nani kakuroga?"

Nikainamisha kichwa. Akaguna, akaenda zake. Nikajiona nimeshinda.

Saa nane hivi nikaona ufa nyuma ya kisigino changu, mwembamba kama uzi. Nikarudi nyuma, nikampungia binti mikono apande. Akadhani natania, kama kawaida yangu, akanitolea ulimi, akaendelea kuchimba. Ufa ukawa upana wa kidole. Neno lilikuwa moja tu: toka. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikatazama jua, nikapima saa zilizobaki.

Ukingo ukashuka bila haraka, ukamfunika.

Wenzangu walipiga kelele. Mimi nilifukua kimya. Tulimtoa hai, mguu umevunjika. Jioni mwalimu mlezi alinivalisha nyeupe, akisifu kwamba hata pale sikufungua mdomo.

Kundi lile halipo tena. Mwalimu alihama, nyumba ya mjane imebaki kichuguu, na skafu yangu sijui iliishia wapi. Kilichobaki ni jioni ile ile, wodini Rulenge, binti amelala mguu ukiwa umefungwa mbao.

"Pale juu ulikuwa unanipungia nini?" aliniuliza.

Neno langu la kwanza siku ile nzima likatoka.

"Nilikuwa natania."

Akacheka, ingawa kucheka kulimuuma.