Kaniki ya Wifi Zipora

Hapa Suji bado wapo wanaosema kwamba wifi yangu Zipora alikuwa sikio la Serikali mwaka ule wa mbiru. Wanasema walimwona kwa macho yao akiingia na kutoka bomani Same. Ni kweli walimwona. Kwa kuwa marehemu mume wangu hawezi tena kumsemea dada yake, nitaeleza mimi alikwenda kufanya nini, na alivaa nini, maana shauri lote lilikuwa kwenye nguo.

Mbiru ilikuwa kodi ya wakoloni, ya kupimiwa mali. Watu waliikataa, wakashuka milimani kwa wingi na kukaa mbele ya boma siku nyingi, wakingoja kusikilizwa. Mume wangu, Mwalimu Nathanaeli, alikuwa miongoni mwao. Mkulima akionekana pale, alirudi shambani kwake salama. Mwalimu akiandikwa jina, kazi imekwisha. Tulisikia kwamba makarani watatoka siku moja kuwaandika walimu, ila hatukujua ni siku gani. Wazee wakasema apatikane mwanamke wa kukaa karibu na boma, asikilize.

Zipora alijitolea kabla hajaombwa. Hakuwa na mume wa kumkataza, na hata angekuwa naye, asingemsikiliza.

Serikali nayo ilikuwa na wapelelezi wake, wale askari kanzu. Kila mtu aliwatambua: juu kanzu mpya, chini mwendo wa gwaride.

"Mimi nitavaa nguo ya mtu asiyetazamwa mara mbili," alisema Zipora.

Rafiki yetu Mwamvita, mchuuzi wa ndizi pale Same, akamletea kaniki yake ya zamani, iliyopauka kwa jua. Akamzunguka Zipora akimkagua kama mbuzi wa mnadani.

"Viatu, vua. Hicho kilemba kama cha mke wa mchungaji, acha nyumbani. Na gagulo, vua."

"Gagulo halionekani, Mwamvita."

"Linasikika, dada! Umelitia wanga mpaka ukitembea linachakarika kama majani makavu ya mgomba."

Zipora akavua, huku amekunja uso. Kaniki ikatundikwa ukutani kungoja safari ya kesho. Lakini mtu mmoja wa nyumba hii, ambaye sitamtaja kwa sasa, aliitazama akaona haiwezekani binti wa ukoo wetu ashuke Same na makunyanzi yale. Akatia mkaa kwenye pasi.

Siku ya kwanza sokoni, kabla ndizi hazijapata mteja, karani mmoja wa boma alisimama mbele yao. Jina lake Lukasi, mtu wa Kifaru, mwenye macho mepesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nina miaka mitatu hapa Same," alisema Lukasi, "na sijamwona muuza ndizi mwenye kaniki iliyonyooka hivi. Huo mkunjo si utamkata mtu?"

Zipora akainama kupanga ndizi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mwamvita ndiye aliyemwokoa.

"Mwenzangu huyu alikuwa dobi wa misheni, bwana karani. Mkono umezoea. Hata ukimpa gunia atalipiga pasi."

Lukasi akageuza kola yake na kuwaonyesha alama ya kuungua. "Dobi wangu huyu hapa! Mama, achana na ndizi. Kesho njoo barazani, nyuma ya ofisi."

Basi kosa lile lile lililotaka kumtia pingu ndilo lililomfikisha chini ya dirisha la ofisi. Kwa siku kumi na moja Zipora alipiga pasi mashati ya makarani na kaptula za Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu mkuu wa boma, nusu hatua kutoka kwenye meza zao. Nao walizungumza mbele yake kama mbele ya ndoo ya maji.

Jumatatu alasiri akasikia: kesho asubuhi, daftari la walimu.

Sasa neno hilo atalifikishaje kwa walimu? Askari walikuwa wamepangwa kati ya boma na watu, na mtumishi wa boma hakuruhusiwa kusema na mgomaji yeyote. Zipora akachota maji kwenye karai, akajimwagia, akaishika ile kaniki huku na huku na kuikamua ikiwa mwilini mpaka ikawa kama jani la tumbaku. Kisha akapita taratibu pembeni ya umati, bila kumtazama mtu.

Nathanaeli alimwona. Alinisimulia baadaye: "Nilipomwona Zipora na makunyanzi, nikadhani mama amefariki. Kisha nikakumbuka kwamba hata baba alipofariki, Zipora alikuja msibani amepigwa pasi. Nikajua ni ishara, zamu yetu walimu imefika."

Jua halijazama, yeye na walimu wenzake wanne walikuwa wanapanda njia ya mlimani. Kesho yake makarani walizunguka na daftari mpaka adhuhuri. Walimu wote walikuwa madarasani, wakifundisha kuzidisha.

Zipora aliendelea kupiga pasi bomani mwezi mzima, kwani angeacha ghafla Lukasi angeunganisha mambo. Mwezi huo ndio uliomharibia jina. Angejitetea, angewataja walimu watano. Akanyamaza, akaitwa sikio la Serikali mpaka tulipomzika.

Nilimwambia miaka mingi baadaye nani aliyeipiga pasi ile kaniki.

"Wifi!" alisema. "Ulitaka nifungwe?"

"Nilitaka upendeze."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kaniki ninayo sandukuni. Anayetaka kumsema Zipora aje kwanza aione. Bado ina makunyanzi ya Jumatatu ile, na mara hii sijaigusa.