Mwanamke Aliyekuja Kumbeba Mjukuu Wangu Phnom Penh

Wanaonifahamu hapa Makambako watakwambia mimi si mtu wa kutunga maneno. Nalima viazi, naimba kwaya usharikani kwetu, na habari za mizimu nilikuwa nawaachia wenye muda nazo. Kwa hiyo haya nitakayokusimulia yakatae ukitaka, lakini usiniambie niliota. Nilikuwa macho, jua liko utosini, na mtoto aliyekuwa mikononi mwa yule mwanamke alikuwa mjukuu wangu.

Mwanangu Festo anafundisha Kiingereza Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Akaoa hukohuko, binti anaitwa Sofea. Sofea alipojifungua, Festo akanipigia simu. "Mama, njoo umshike mjukuu wako. Tiketi nimekata." Ningekataaje? Nikafunga vitenge vyangu, nikapanda basi hadi Dar, na huko nikapanda ndege kwa mara ya kwanza, macho nimefumba.

Joto la kule usiombe! Mimi mtu wa upepo wa Makambako, nilikuwa nalala sakafuni kutafuta ubaridi. Waliishi ghorofani, kwenye jengo la zamani, pamoja na mama yake Sofea, mkwe mwenzangu. Mama Sofea alikuwa mtu mzima kama mimi, mkimya sana. Lugha hatukuwa nayo. Tulielewana kwa mikono, kwa sufuria na kwa mtoto. Kukicha Festo anakwenda kazini, Mama Sofea anakwenda sokoni, Sofea analala chumbani maana uzazi ulimchosha. Mimi nabaki sebuleni na mjukuu wangu Rehema, tuko wawili kwenye mkeka.

Siku moja mlango ukagongwa. Kufungua, mwanamke kijana. Nguo nyeusi zilizopauka, nywele zimekatwa usawa wa masikio, skafu ya mirabaraba shingoni, na miguu mitupu yenye vumbi jekundu, kama katoka safari ndefu kwa miguu. Akaunganisha viganja kunisalimu. Nikadhani ni jirani. Na wewe ungedhani nini? Kwetu Njombe, mgeni akija kumwona mtoto mchanga humwachi mlangoni.

Akaketi, akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Rehema, ambaye akishikwa na mgeni hulia mpaka awe mwekundu, akanyamaza kabisa akimtazama. Niliona blauzi ya yule mwanamke imelowa kifuani, vile inavyolowa ya mama mwenye maziwa mengi ambaye hajanyonyesha muda mrefu. Nikamhurumia. Nikaingia jikoni kumletea maji. Niliporudi, mtoto alikuwa mkekani, mwanamke hayupo, na mlango umefungwa kwa ndani.

Kwa ndani, nasema. Komeo nililikuta mahali pake.

Siku hiyo Rehema alikataa kunyonya mpaka jioni. Kama mtoto aliyeshiba. Sofea akaanza kulia, anadhani mtoto anaumwa. Festo aliporudi nikamweleza, naye akamtafsiria mkwe wake. Mama Sofea akaweka kijiko chini. Akauliza maswali mafupi mafupi, Festo akiniuliza kwa Kiswahili: nywele zilikuwaje? Miguu je? Kisha yule mama akaenda kuchukua uzi, akamfunga mjukuu wetu mkononi.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema kila mtoto ana mama wa kabla," Festo akanijibu, naye hakuonekana kupenda maneno hayo. "Mama wa maisha yake ya kwanza, aliyempoteza. Wakati mwingine anakuja kumtafuta. Anasema usimfungulie tena, Mama."

Nikasema sawa. Lakini moyoni nikawaza, mimi Mlutheri, nitaomba, yataisha.

Hayakuisha. Mchana mwingine, bado tuko wawili tu, usingizi ukanipitia nimekaa, mkono wangu juu ya tumbo la mtoto. Nikashtuka. Mkono uko juu ya mkeka mtupu. Mlango uko wazi.

Sijui ngazi nilizishukaje. Najua tu kwamba nilipofika chini, mtaa haukuwepo. Majengo yalikuwepo, ndiyo, lakini ule mtaa wa pikipiki na majiko na kelele ulikuwa kimya. Hakuna mtu. Barabarani kulikuwa na viatu, masanduku yaliyofunguka, na katikati kabisa, kitanda cha hospitali, kile cha magurudumu, kimeachwa na shuka lake. Niliona kwa macho haya. Na nikasikia miguu. Miguu mingi mno ikiburuta, ikienda zake nje ya mji, na mwenye miguu simwoni.

Yule mwanamke alikuwa amesimama hatua chache mbele yangu, amenipa mgongo, Rehema begani kwake. Alikuwa anataka kuwafuata.

Nilikuwa na nguvu za kumnyang'anya. Mimi nabeba gunia la viazi. Nikamshika mkono, akageuka, na ule uso ukanivunja nguvu zote. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa mama aliyefiwa, basi. Nimeuona uso ule Kifanya nilikozaliwa, nimeuona hapa Makambako, mahali popote penye msiba. Tofauti ni kwamba huu ulikuwa mkavu. Hakuna aliyewahi kukaa naye chini.

Nikakaa chini. Palepale mtaani, kwenye vumbi. Nikalia kama tunavyolia kwetu, kwa sauti, nikimpa pole kwa Kibena maana Kiswahili kiligoma kutoka. "Mwanao yuko wapi?" nikamuuliza. "Keti, mwanangu, tumlilie."

Akaketi. Akamweka Rehema mapajani mwangu, polepole, kichwa kwanza. Kisha akaegemeza kichwa chake kwenye bega langu la kushoto, na ndipo akalia. Baridi iliyoniingia pale sijawahi kuionja hata shambani alfajiri ya Julai, umande umeganda kwenye majani.

Pikipiki ikapiga honi. Mtaa ukarudi wote kwa mara moja. Mama Sofea alikuwa amesimama mbele yetu na kikapu chake, anaangalia bega langu. Gauni lilikuwa limelowa chapachapa, na mvua haikuwa imenyesha.

Jioni ile alisimulia, Festo akitafsiri. Alikuwa msichana mdogo wakati watu wenye bunduki walipowatoa wakazi wote mjini, hata wagonjwa, wakiambiwa watarudi baada ya siku chache. Mama yake alikuwa amejifungua majuzi tu. Kichanga kilifia njiani, nao wakaamriwa kuendelea kutembea. Mama naye baadaye, amekatwa nywele na kuvishwa nguo nyeusi kama wote, akafia pembeni ya njia. Kulia kulikatazwa. Aliyelia alichukuliwa.

"Anasema hakuwahi kumlilia mama yake," Festo akasema.

Mkwe mwenzangu akaweka kichwa kwenye bega langu, lilelile. Tukalia hadi Sofea akatoka chumbani kutuuliza kuna nini. Kesho yake wakaita watawa wao wa Kibudha, wakaomba. Nami nikaimba wimbo mmoja wa tenzi peke yangu, hakuna aliyenizuia.

Rehema sasa anakimbia, hana tatizo. Mimi ndiye niliyerudi na alama. Bega hili la kushoto halipati joto. Daktari wa hapa mjini kalipima, kaniambia ni umri. Lakini mjukuu wangu mwingine wa hapa nikimlaza upande huu hulia, hujigeuza. Na siku hizi siwezi kupita kwenye msiba nikaendelea na safari yangu, hata wa nisiowajua. Nimewahi kushuka kwenye basi Njombe mjini, nikaingia kwa watu nisiowafahamu, nikakaa na wanawake mkekani mpaka wakaniuliza mimi ni ndugu wa upande gani.

Sasa nawe nikuonye. Ukifika kwenye mji ambao watu wake walikatazwa kulia, usimwachie mtu usiyemjua mtoto wako, hata kama ana upole wa namna gani. Na kama umeshamwachia, usimnyang'anye. Kaa chini kwanza, umuulize wake yuko wapi.